Waridi la jangwani lililokufa Uyole: uchambuzi wa kisa cha miche ya kaudeksi

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mzalishaji wa miche wa Uyole, jijini Mbeya, ambaye mwanzoni mwa Machi alisia mbegu za aina nne za mimea ya kaudeksi, yaani mimea ambayo shina au mzizi wake hunenepa na kuwa ghala la maji ya kiangazi. Kufikia mwisho wa Julai alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya miche ya aina moja, na aina hiyo ndiyo ambayo yeye na kila aliyemshauri waliihesabu kuwa ngumu kuliko zote: waridi la jangwani, Adenium obesum, ambalo wengine huliita mdagu na ambalo huota lenyewe katika nyika kavu za Tanzania na Kenya. Aina tatu za kigeni, ambazo alizinunua kwa bei ya kuumiza na kuzitunza kwa wasiwasi, ziliuvuka msimu wa baridi zikiwa na hasara ndogo. Matokeo hayo hayakutarajiwa na mtu yeyote, na pengine ndiyo sababu lawama zilielekezwa haraka kwa mbegu.

Ni lazima ieleweke kwanza kwamba mhusika si mgeni katika kazi ya kitalu. Kwa miaka mingi amezalisha miche ya parachichi aina ya Hass, na miche yake iliyobebeshwa hununuliwa na wakulima wa Rungwe na Njombe. Anajua kuchagua vikonyo, anajua kufunga jeraha la kubebesha, na kitalu chake kina neti ya kivuli, viriba vilivyopangwa kwa safu na maji ya uhakika. Ustadi huo ndio ulioamua namna alivyolitunza waridi la jangwani: udongo mweusi wa msituni uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga kidogo wa mtoni, kivuli cha kutosha, na umwagiliaji wa asubuhi na jioni. Kwa mche wa parachichi huo ni utunzaji mzuri. Kwa mmea ambao umeumbwa kukaa miezi bila tone la mvua, ni hatari iliyoandaliwa kwa nia njema.

Mbegu za waridi la jangwani zilitoka Chimala, kwa dada yake, ambaye ana mimea miwili mikubwa mbele ya nyumba. Tunda la mmea huu hutoka kama jozi ya maganda marefu yanayopasuka yakikauka, na kila mbegu ina kishungi cha nyuzi laini katika ncha zake zote mbili, hivyo upepo huibeba mara moja. Anayetaka mbegu hufunga maganda kwa uzi kabla hayajapasuka, na ndivyo dada alivyofanya. Mbegu ziligawanywa katika mafungu mawili: fungu moja lilipelekwa Uyole, jingine likabaki Chimala, likasiwa wiki hiyo hiyo. Mgawanyo huo ulifanywa kwa sababu za kifamilia tu, lakini bila huo uchambuzi huu ungekosa mguu wake mmoja.

Mbegu nyingine zilinunuliwa nje ya nchi, zikaingia zikiwa na cheti cha afya ya mimea pamoja na kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Zilikuwa za Pachypodium densiflorum na Pachypodium brevicaule, zote mbili za Madagaska, na za Dioscorea elephantipes ya Afrika Kusini, jamaa wa viazi vikuu ambaye kiazi chake hukaa juu ya ardhi na kujifunika magamba magumu yenye mipasuko. Jenasi yote ya Pachypodium imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Mbegu za spishi hizi mbili, ambazo ziko katika Kiambatisho cha Pili, hazihitaji kibali cha CITES, ila mmea wenyewe ukivushwa mpaka unakihitaji, hata kama ulizaliwa kitaluni. Wengi wanaoanza biashara hii hawalijui jambo hilo mpaka wanapofika mpakani.

Uoteshaji haukuwa na tatizo, na ufanisi wake ndio uliomfumba macho mhusika. Mbegu za waridi la jangwani na za Pachypodium zinahitaji joto la udongo la nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi, joto ambalo Uyole, iliyo katika mwinuko wa karibu mita 1,800, halipatikani kirahisi usiku katika mwezi wowote wa mwaka. Mhusika alilipata katika chumba cha kulelea vifaranga. Chumba hicho hupashwa moto kwa majiko ya mkaa mchana na usiku, na trei zake alizipanga kwenye rafu ya juu, mahali ambapo hewa ya joto hukusanyika. Waridi la jangwani lilichomoza ndani ya wiki moja, na karibu mbegu zote zilitoa mche. Pachypodium zilifuata polepole, hasa brevicaule, ambayo ilijitokeza mmoja mmoja kwa muda wa wiki tatu. Trei ya Dioscorea haikuonyesha chochote, ikashushwa na kusukumwa chini ya meza ya kubebeshea, nje ya chumba. Chumba cha vifaranga kina joto lakini hakina mwanga, na kufikia mwisho wa Machi miche ya waridi la jangwani ilikuwa imerefuka kupita kiasi ikitafuta dirisha. Ndipo sehemu kubwa ilipohamishiwa katika viriba, chini ya neti, wakati mvua za mwisho za msimu zikiendelea kunyesha.

Vifo vilikuja katika mawimbi mawili. Jambo hili linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mhusika aliyaona kuwa ni tatizo moja lililoanza Aprili na kuendelea hadi Julai, akalitibu kwa dawa moja.

Wimbi la kwanza lilikuwa ugonjwa wa kinyausi. Dalili zake zinajulikana na kila mwenye kitalu cha nyanya au kabichi: mche unasinyaa kwenye usawa wa udongo, shina linakuwa jembamba kama uzi mahali hapo, kisha mche unalala ukiwa na majani yake mabichi. Vimelea wanaousababisha, wakiwamo Pythium na Rhizoctonia, huishi katika udongo wa kawaida na hustawi palipo na unyevu usiokauka, hewa isiyotembea na miche iliyolegea. Udongo wa msituni usiochomwa, kivuli cha neti, mvua za Aprili na shina lililorefuka kwa kukosa mwanga vilikutana mahali pamoja. Mhusika alipulizia dawa ya ukungu yenye kopa, akapunguza msongamano wa viriba, na vifo vikapungua. Alichofanya hapo kilikuwa sahihi, ingawa kilichelewa.

Wimbi la pili lilianza wiki ya kwanza ya Juni, na dalili zake zilikuwa nyingine kabisa. Majani yaligeuka manjano kuanzia chini, yakadondoka. Mche ulibaki umesimama wima kwa siku nyingi, ukionekana kama uliopumzika tu. Ulipobonywa kwa vidole, uvimbe wa chini ya shina ulikuwa laini, na ulipong'olewa mizizi ilikuwa ya kahawia, ganda lake likichomoka na kuacha uzi wa katikati. Hakukuwa na shina lililosinyaa kwenye usawa wa udongo. Uozo ulianzia mizizini na kupanda juu, ilhali kinyausi cha Aprili kilishambulia shina na kuiacha mizizi ikiwa nyeupe.

Tofauti hiyo haikuonekana kwa sababu miche haikung'olewa. Mwenye kitalu huona vibaya kung'oa mche ambao bado una uhai, na kwa hiyo huhukumu kwa kutazama majani. Ningemshauri mtu yeyote mwenye miche mia moja inayougua atoe sadaka mitatu, aioshe mizizi yake kwa maji na kuikata kwa wembe, kabla hajanunua dawa. Mhusika hakufanya hivyo. Aliona majani ya manjano, akakumbuka Aprili, akachanganya dawa ile ile katika maji na kuipuliza mpaka udongo ukalowa, mara mbili kwa wiki, katika mwezi ambao usiku wa Uyole hushuka hadi nyuzi 5 au 8. Dawa haikuwa na kosa. Yale maji yaliyoibeba ndiyo yaliyoendelea kuua.

Kisa kingeishia hapo kama si swali la mbegu. Majirani wenye vitalu walisema mbegu zilikuwa dhaifu, na mmoja alidai kwamba mbegu ya mmea uliopandwa nyumbani huzaa miche isiyo na nguvu. Chimala ilijibu dai hilo bila ubishi. Miche ya dada, kutoka maganda yale yale, ilikuwa hai karibu yote mwezi Julai, ikiwa imesimama kwenye vidumu vya mafuta vilivyokatwa, juani, ndani ya mchanganyiko wa pumba za mpunga zilizochomwa na mchanga. Alipoona picha za viriba vya Uyole alituma jibu fupi: "Kaka, hiyo si parachichi, mbona unainywesha hivyo?"

Jibu la dada lilikuwa na ukweli, lakini halikuwa na ukweli wote. Kati ya Uyole na Chimala vitu viwili vilitofautiana kwa pamoja, udongo na mwinuko, na ulinganisho wa namna hiyo hauwezi kusema ni kipi kilichoua. Chimala iko chini ya mteremko, kwenye ukingo wa bonde la Usangu, katika mwinuko wa karibu mita 1,100. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda, hivyo tofauti ya mita 700 ni sawa na nyuzi 4 hivi, na katika mwezi wa Juni nyuzi 4 ni nyingi. Safari kwa basi kupitia Inyala na Igurusi ni ya kilomita zisizofika 80. Abiria aliyepanda Uyole akiwa na koti zito hushuka Chimala akiwa amelikunja mkononi, na bado mtu huyo huyo atasema kwamba amesafiri ndani ya mkoa mmoja wenye hali ya hewa moja.

Ushahidi wa kutenganisha vitu hivyo viwili ulipatikana kitaluni kwenyewe, bila mtu kuupanga. Kwanza, viriba vichache vya waridi la jangwani vilibaki katika chumba cha vifaranga kwa kukosa nafasi nje, vikiwa na udongo ule ule mzito. Vifaranga wa kwanza waliuzwa mwezi Mei, wakaingia wengine, na majiko hayakuzimwa. Miche hiyo ilikuwa mirefu, dhaifu na ya kuchekesha kwa umbo, lakini mizizi yake ilikuwa mizima. Pili, mchanganyiko wa kokoto nyepesi ambao mhusika alikuwa amewaandalia wageni wa Madagaska ulizidi kidogo, akautia katika makopo machache na kusia humo waridi la jangwani. Makopo hayo hayakuguswa na kinyausi mwezi Aprili. Mwezi Juni, nje, yalipoteza majani yote, na karibu nusu ya miche yake ikaoza.

Ukiweka matokeo hayo kando kwa kando, picha inajitokeza. Udongo mzito penye joto haukuua. Udongo mwepesi penye baridi uliua nusu. Udongo mzito penye baridi uliua takribani wote. Kwa hiyo wimbi la Aprili lilitokana na udongo na unyevu wake, na wimbi la Juni lilitokana na baridi iliyokuta udongo umelowa, wala hakuna hata moja kati ya hayo lililotokana na mbegu. Naongeza tahadhari moja: makopo yalikuwa machache, na nusu ya vitu vichache haipaswi kuchukuliwa kama kipimo.

Sasa tugeukie wageni. Kwa nini Pachypodium zilistahimili? Sehemu ya jibu ni ya aibu kidogo kwa nadharia yoyote nzuri: zilitunzwa vizuri zaidi kwa sababu zilikuwa za bei ghali. Mhusika alifuata karatasi ya muuzaji neno kwa neno, akazipanda katika trei za kina kifupi zenye mawe mepesi ya volkeno, akazimwagilia kwa kuitumbukiza trei katika beseni na kuitoa. Majani ya brevicaule yalipodondoka mwezi Juni, akakata tamaa nayo, akaisogeza chini ya upenu na kuipa maji mara moja moja tu. Kukata tamaa huko kuliiokoa.

Lakini utunzaji hauelezi kila kitu, kwa maana makopo ya waridi la jangwani yalikuwa na mawe yale yale, yakaoza. Sehemu nyingine ya jibu iko katika asili ya mimea yenyewe. Pachypodium brevicaule huota katika nyanda za juu za kati za Madagaska, kwenye miamba ya kwatzaiti, yaani mwamba mgumu uliotokana na mchanga, kama ile ya mlima Ibity, kusini mwa mji wa Antsirabe, na katika safu za Itremo. Huko ni mwinuko wa kati ya mita 1,200 na 2,000. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mikavu yenye usiku wa baridi, na Antsirabe huweza hata kupata jalidi mwezi Julai. Mtu wa Mbeya, Makete au Njombe akisoma maelezo hayo bila kuambiwa jina la nchi, atadhani anasomewa habari za kwao. Mmea huo umezoea kulowa wakati wa joto na kukauka wakati wa baridi, na mwaka wa Nyanda za Juu Kusini unampa mpangilio huo bila gharama. Densiflorum nayo hupatikana katika nyanda hizo hizo, juu ya miamba, na ndiyo iliyokua kwa kasi zaidi kitaluni.

Brevicaule ina sharti moja zaidi ambalo wengi hulipuuza. Kwatzaiti hutoa udongo wenye tindikali, na mmea huu hausitawi katika udongo wa chokaa au wa majivu. Mahali pengine duniani wakulima wengi, wakichoka na mizizi yake inayooza, huibebesha juu ya shina la Pachypodium lamerei, na mzalishaji wetu mwenye kisu chake cha parachichi alipolisikia hilo macho yalimng'aa. Binafsi sioni haja. Brevicaule iliyobebeshwa hukua haraka, lakini hupoteza lile umbo la kiazi kilichobanwa na jiwe ambalo ndilo linalomfanya mtu ainunue.

Kisa cha Dioscorea elephantipes ni kifupi na kina raha yake. Trei iliyosukumwa chini ya meza mwezi Machi ilisahauliwa. Katikati ya Mei, wakati waridi la jangwani lilipokuwa linajiandaa kufa, msaidizi wa kitalu aliikuta ikiwa na majani madogo yenye umbo la moyo, moja kwa kila mbegu, na chini ya kila jani kulikuwa na kiazi cha ukubwa wa punje ya choroko. Mmea huu ni wa eneo la Rasi huko Afrika Kusini, na kwa kawaida hulala wakati wa joto na kukua wakati wa baridi. Chumba cha vifaranga kilikuwa kimeuzuia kuota, na meza iliyopitiwa na hewa baridi na matone ya maji ya kubebeshea ikauamsha. Kwa mkulima wa Mbeya mmea wa namna hiyo una faida isiyoonekana mara moja: hukua katika miezi ambayo hakuna mvua, hivyo yeye ndiye anayeamua kila tone. Kazi yake ngumu ni Novemba hadi Aprili, ambapo trei lazima ikae chini ya paa, kwa maana mvua ikiikuta imelala itaiozesha.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Mhusika na washauri wake walipima ugumu wa mmea kwa kuuliza ni wa nchi gani. Waridi la jangwani ni la kwetu, kwa hiyo litastahimili; Pachypodium ni ya ng'ambo, kwa hiyo itasumbua. Mmea hautambui mpaka wa nchi. Unatambua mwinuko, joto la usiku, na mwezi ambao mvua hukoma. Waridi la jangwani ni la kwetu kwa maana ya bendera tu. Kwa maana ya mwinuko, anayeishi Uyole ni jirani wa Ibity kuliko wa nyika za chini ambako mdagu huota. Mbuyu unatoa ushahidi huo huo kwa ukubwa zaidi: umejaa katika bonde la Ruaha Mbuyuni, lakini barabara ikishapanda Kitonga kuelekea Ilula na Iringa unatoweka, ingawa ni mkoa ule ule na barabara ile ile.

Marekebisho yaliyofuata yalianza na udongo. Mbeya ina bahati ambayo wakulima wa mimea hii katika nchi nyingine huilipia fedha nyingi. Mlipuko mkubwa wa Rungwe wa takribani miaka 4,000 iliyopita ulitawanya mawe mepesi yenye matundu, yale ambayo wengi huyatumia kusugulia nyayo, katika eneo pana la milima hii. Mawe hayo hushika unyevu ndani ya matundu yake na kuacha hewa ipite kati ya jiwe na jiwe, jambo ambalo mchanga mwembamba wa mtoni hauwezi, kwa maana mchanga huo hujibana na kuwa kama saruji mbichi. Mhusika sasa huyaponda, huyachekecha mara mbili, na kubakiza punje za milimita 3 hadi 6. Vumbi hutupwa, anayelirudisha ili kujaza kiriba amepoteza kazi yote.

Kwa waridi la jangwani huchanganya sehemu mbili za mawe hayo, sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa, na sehemu moja ya mboji iliyochekechwa. Pumba hupatikana kwenye mashine za kukoboa mpunga za Mbarali, nyingi kuliko anavyoweza kuzibeba. Ni muhimu zichomwe hadi ziwe nyeusi na kuzimwa kwa maji kabla hazijawa majivu, kwa kuwa majivu huziba nafasi za hewa na hufanya udongo uwe na alkali. Kwa brevicaule pumba hazitumiki kabisa. Badala yake huweka majani ya misonobari yaliyooza, ambayo husaidia kutunza tindikali.

Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, lilikuwa kalenda. Kusia mwezi Machi kunamaanisha kwamba mche utafika Juni ukiwa na miezi mitatu, bila ghala la kutosha la maji wala mizizi ya kujitegemea. Kusia Novemba, kama mtu anavyofanya kwa mahindi, kunaupeleka mche mchanga moja kwa moja katika mawingu na unyevu wa Januari. Msimu uliofuata mhusika alisia mwishoni mwa Agosti, ndani ya chumba cha vifaranga, na mara tu majani mawili ya kwanza yalipofunguka aliitoa trei na kuiweka juani, chini ya kibanda cha nailoni kilicho wazi pande mbili. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya jua kali na hewa kavu katika Nyanda za Juu Kusini, na miche iliyokutana nayo mapema ilibaki mifupi na minene. Mvua zilipoanza, nailoni ilizuia maji ya juu, na pande zilizo wazi zikaruhusu upepo. Kinyausi kilionekana katika trei moja tu, ile iliyokuwa karibu na bomba linalovuja.

Kufikia Mei miche hiyo ilikuwa na miezi minane, na uvimbe wa shina ulikuwa unene wa kidole gumba. Umwagiliaji ulipunguzwa tangu mwanzo wa mwezi huo na kusimamishwa katikati yake, majani yakadondoka, na safari hii hakuna aliyepuliza dawa. Ubonyezaji wa vidole ulifanywa kila wiki: shina gumu liliachwa, shina lililolegea lakini bila ulaini wa kuoza lilipewa maji kidogo saa za mchana wa jua. Hasara ilikuwepo, ila ilikuwa ya viriba vilivyokaa pembeni, upande wa bondeni, ambako hewa baridi hutuama alfajiri.

Biashara nayo ilibadilika. Mhusika ameacha mpango wa kulifanya waridi la jangwani kuwa zao kuu la Uyole, na nadhani amefanya vyema. Miche yake sasa huteremshwa Chimala katikati ya Mei, ndani ya masanduku ya nyanya yanayowekwa kwenye buti la basi, ikakaa kwa dada hadi mwanzo wa Septemba, kisha hupandishwa tena. Dada hulipwa kwa kila mche utakaorudi ukiwa hai, sharti alilolitaka mwenyewe. Amepewa pia onyo ambalo kila anayefuga mmea huu anapaswa kulijua: utomvu wake una sumu inayoathiri moyo, ile ile iliyotumiwa na wawindaji kupaka mishale, hivyo vidumu vimeinuliwa mbali na mbuzi na watoto wadogo, na mikono huoshwa baada ya kukata.

Sehemu ya neti iliyoachwa wazi Uyole imechukuliwa na Pachypodium mbili na Dioscorea. Kinachosubiriwa ni mbegu za hapa hapa, ili kupunguza ununuzi wa nje na kufunga mlango kwa wale ambao tayari wameanza kuuliza kama hawawezi kuletewa mimea mikubwa iliyong'olewa porini. Jibu wanalopewa ni hapana. Dioscorea ina mimea ya kiume na ya kike, na jinsia haijulikani mpaka itoe maua, kwa hiyo mhusika hauzi mche wake wowote kwa sasa. Brevicaule na densiflorum huchavushana kirahisi na kuzaa machotara, hivyo trei zake zimetenganishwa, zikiwa na vibao vya majina vilivyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino ulioandikwa mwaka wa kwanza ulifutika juani kabla ya Desemba.